Maombi Mawili Juu ya Ubao

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa Angèle Bosenge, Mkuu wa Tume ya Masomo ya Sayansi ya mkoa wetu, baba Préfet, ndugu wazazi wa mjini na ndugu wazazi wa mtoni, wanafunzi, na nyinyi nyote mliosimama kwa sababu viti vimekwisha: tunawasalimu."

Hapo Marceline aliinua macho kuwatazama waliosimama. Sentensi ya viti haikuwa yake. Wanafunzi ndio walioiongeza, na katika Shule ya Sayansi ya Mkondo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuiondoa.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Risala ya shule hiyo huandikwa na makundi matatu: walimu, wazazi na wanafunzi. Kila kundi huongeza lake, na hakuna kufuta la mwenzako. Zamani walifutana, wazazi wakasusa shule kwa muhula mzima, ndipo ikakubaliwa kwamba amani ni bora kuliko ufupi. Tangu siku hiyo risala za Mkondo zimekuwa ndefu kama misa ya Pasaka, na wageni rasmi huletewa maji ya kunywa mara mbili.

Marceline alikuwa mwalimu wa fizikia. Alizaliwa katika familia ya wavuvi wa Wagenia, pale pale kwenye maporomoko ya mto, Kisangani, mwendo mfupi kutoka uwanja wa shule. Lakini Kifaransa chake kilikuwa cha watu wa mjini, hata simu akiipokea ungedhani ni ofisi. Kwa hiyo watu wa mtoni walisema asome yeye, ni wetu. Na watu wa mjini walisema asome yeye, ni wetu. Hakuna aliyemuuliza kama ana nguvu. Alikuwa amechoka, uchovu ule wa mtu aliyekaa mikutano mitatu akisikiliza pande mbili zenye haki.

Alifungua ukurasa akaendelea.

KARIBU

"Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja. Barabara ya kutoka katikati ya mji tunaijua, na tunajua sasa na wewe unaijua. Umekuja kutufungulia maabara. Tumeipaka rangi, tumeipangusa, na mlango wake tumeujaribu mara kadhaa ili usikuaibishe."

HISTORIA YETU

"Shule yetu ni ya serikali, na huchagua wanafunzi wa hesabu na fizikia kutoka mkoa mzima. Imejengwa juu ya uwanja uliotolewa na familia za Wagenia. Walipoutoa hawakuomba malipo. Waliomba jambo moja: watoto wao wanapokuja kujaribiwa, waulizwe kwa lugha wanayoijua. Hivyo ndivyo ulivyoanza mtihani wa ubao. Mtoto husimama mbele ya walimu na chaki mkononi, hupewa swali, naye huonyesha na kueleza njia yake kwa Kiswahili, Kilingala, Kienya, Kilokele au Kifaransa. Hatumwulizi jibu peke yake. Tunamwuliza amefikaje."

Marceline aliisoma sehemu hiyo polepole. Yeye mwenyewe aliingia Mkondo kwa ubao huo. Alikuwa msichana mwembamba aliyenuka samaki, asiyeweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kifaransa, na alijaza ubao mzima kwa chaki hadi mwalimu mmoja akainuka kumpisha.

TULIYOYAPATA

"Wanafunzi wetu hufaulu mtihani wa taifa. Wako waliokuja kuwa madaktari, wako wanaofanya kazi za umeme, na mmoja anafundisha hapa hapa. Wazazi wa mjini wanaomba isemwe pia kwamba wengi wa waliofaulu ni wa mjini. Wazazi wa mtoni wanaomba isemwe kwamba wa mtoni hawakupewa nafasi nyingi za kufaulu."

Mheshimiwa Angèle aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi aliyokuwa akiandikia. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba na uso wa mtu aliyesikiliza risala nyingi maishani. Aliandika kitu, akainamisha tena kichwa.

YANAYOTULEMEA

"Maabara mpya ina mabomba mazuri. Maji bado. Mwalimu wa kemia ni mmoja, naye huumwa mgongo. Mvua ikinyesha, darasa la nne huhamia darasa la tatu, na la tatu husogea. Haya tumeyazoea, tunayataja kwa heshima tu.

"Linalotulemea kweli ni habari iliyotufikia kutoka kwenye Tume, kwamba kuanzia Septemba mtihani wa ubao utaondolewa. Watoto watapimwa kwa karatasi, kwa Kifaransa peke yake, kwa kutia alama kwenye jibu. Juu ya habari hiyo sisi, walimu, wazazi na wanafunzi, tumekutana, tumezungumza, na tumeelewana vizuri."

Kwenye neno "tumeelewana" baadhi ya watu walikohoa.

Maana kwenye mkutano wa mwisho ilikuwa nusura watu washikane mashati. Papa Jean-Paul, kiongozi wa wazazi wa mjini, alisimama akinyoosha kidole. Mwanawe Yannick ana kigugumizi. Mwaka uliopita kijana huyo alisimama mbele ya ubao na chaki, maneno yakakwama, muda ukaisha, akarudishwa nyumbani.

"Mutoto yangu alijua jibu," Papa Jean-Paul alisema. "Alijua! Kule nyumbani anafanyaka ma-équation sawa vile mutu anakunywa mayi. Lakini pale mbele yenu kinywa ikakataa. Alors? Kinywa ndio hesabu?"

Upande wa mtoni alijibu Lukumani, mvuvi, kaka yake Marceline. "Ya kwangu kinywa iko, papa. Kifaransa ndio haiko. Batoto yetu bafungiwe inje juu ya luga ya watu? Na shule iko kwa uwanja yetu?"

"Uwanja ni yenu, sikatai. Lakini uwanja haitamurudishia Yannick mwaka yake."

"Na karatasi yenu haitamuona Merdi yangu."

Merdi alikuwa binti wa Lukumani. Ndiye aliyemfanya Marceline akose raha usiku na mchana tangu habari ile ifike. Mtoto yule alikuwa na akili ya moto na mdomo usiotulia. Tangu akiwa mdogo alikuwa akikaa juu ya mawe akimweleza shangazi yake kwa nini maji yanakwenda kasi hapa na polepole pale, akichora kwa vidole hewani. Mbele ya ubao angewanyamazisha walimu wote. Lakini kule alikosoma, Kifaransa kilikuwa kitabu kimoja kwa benchi zima, na kitabu chenyewe hakikuwa na mwanzo. Angefanya mtihani Septemba hiyo hiyo. Ubao ukiondoka Septemba, na Merdi ameondoka.

Marceline alimpenda Merdi, na alimhurumia Yannick. Asubuhi alikuwa upande wa Merdi, jioni akikutana na Yannick njiani alikuwa upande wa Yannick. Hilo lilimchosha kuliko makelele yote ya mkutanoni.

Mwishowe Préfet, mkuu wa shule, aliyetaka kwenda kula, alipiga meza kwa kiganja. "Bon! Tutie yote mbili. Mukuu wa Tume ni mutu wa masomo, atachagua ye mwenyewe." Watu wote wakashusha pumzi. Waliona wamepata dawa. Walitoka pale wakishikana mikono, kila upande ukiamini mgeni akisikia hoja yake ataona haki iko wapi.

Sasa Marceline alifika kwenye ukurasa huo.

MAOMBI

"Mheshimiwa, kwa moyo mmoja tunaomba yafuatayo. Kwanza, tunaomba mtihani wa ubao ubaki kama ulivyo, kwa kuwa ndio mlango wa watoto wa mtoni, na ndio ahadi iliyotolewa kwa wenye uwanja. Pili, tunaomba mtihani wa ubao uondoke, kwa kuwa unawafungia nje watoto wanaojua lakini hawawezi kusema mbele za watu."

Wanafunzi waliosimama nyuma waliangua kicheko. Préfet akawageukia, wakakimeza. Marceline hakuinua macho. Alitaka kuteleza haraka hadi kwenye Hitimisho, lakini Mheshimiwa Angèle aliinua kalamu.

"Samahani, mwalimu. Rudia kidogo pale."

Marceline akarudia. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ya kwanza ni nani anaomba?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ni sisi, Mheshimiwa."

"Na ya pili?"

"Ni sisi."

Mgeni alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. Hakuonekana kukasirika. "Mama mwalimu, nisikilize, na nyinyi wote munisikilize. Ile circulaire, ile barua ya kuondoa ubao, haijapata signature. Kesho niko na kikao nayo. Kule juu hakuna mutu anajua Mkondo, hakuna mutu anajua ubao. Nikifika na neno moja kutoka hapa, nitalisema, na nafikiri watanisikia. Nikifika na maneno mawili, watacheka sawa vile hawa batoto walivyocheka, na watasaini. Donc niambieni. Ni lipi?"

Watu wakatazamana, na maporomoko yakasikika wazi. Marceline alishusha karatasi. Kumbe mlango ulikuwa bado wazi! Wiki zote walizogombana waliamini wanagombania jambo ambalo wengine wataliamua, kumbe lilikuwa linasubiri neno lao. Alimtazama kaka yake. Alimtazama Papa Jean-Paul. Akawaza: mmoja aseme. Yeyote. Mungu wangu, mmoja aseme.

Papa Jean-Paul alisimama. Alifunga kifungo cha koti lake, akamwangalia Yannick aliyekaa kando yake, kisha akawaangalia wavuvi waliopanga mstari kwenye ukuta, wenye uwanja, waliosimama kwa sababu viti vilipewa watu wa mjini. Inaonekana aibu ilimpanda.

"Mheshimiwa, haifai tugombane mbele ya mugeni," alisema. "Tuko kwa uwanja ya watu. Sisi wazazi wa mujini tunaondoa ombi yetu. Ya pili, tunaiondoa."

Marceline alifumba macho kwa furaha. Kabla hajayafumbua, Lukumani naye alikuwa amejitenga na ukuta. Lukumani hakuwahi kushindwa adabu na mtu maishani mwake. Ukimletea samaki mmoja atakurudishia wawili, hata kama watoto wake watalala na mchuzi mtupu.

"Aa, papa, hapana!" alisema. "Hapana kabisa. Mutoto yako aliteseka. Mimi siwezi nifurahi juu ya machozi ya mutoto ya mwenzangu. Kama munaondoa yenu, na sisi ya mutoni tunaondoa yetu."

Watu wakalipuka kwa makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Papa Jean-Paul alivuka uwanja, akamkumbatia Lukumani, na wapiga ngoma waliokuwa wanasubiri mwisho wakadhani ndio huo, wakapiga. Walipendeza kweli kwa kitambo kile. Waliokaa kimya walikuwa wawili tu, mgeni rasmi na msomaji.

"Kwa hiyo ombi haiko," alisema Mheshimiwa Angèle makofi yalipokwisha.

Hapo ndipo wengine walipoanza kuelewa. Sauti zikafifia, kuanzia mbele hadi nyuma. Papa Jean-Paul alimtazama Lukumani, akingoja. Lukumani alimtazama Papa Jean-Paul, akingoja. Kila mmoja alihitaji mwenzake aseme, "Hapana, ndugu yangu, rudisha lako." Lakini nani ataanza? Ukimwambia mwenzako arudishe lake, umeshindwa. Ukirudisha lako mwenyewe, umetoa zawadi mbele ya watu na kuipokonya mbele ya watu hao hao. Wote wawili wakainamisha vichwa.

Risala ya Mkondo hukabidhiwa mgeni kwa mkono wa msomaji, na lazima iwe kama ilivyosomwa. Kwa hiyo Préfet alimletea Marceline kalamu, akamnong'oneza, "Futa, mwalimu, tufanye namna gani?" Hakuna aliyekumbuka lini risala ya Mkondo ilifutwa kwa mara ya mwisho. Marceline alianza na ombi la pili, kalamu ikapita. Kwenye ombi la kwanza mkono ulimgomea. Kwenye dirisha la maabara mpya aliona vichwa vya wasichana, na katikati yao Merdi, amejikunja juu ya kizingiti, akimwangalia kwa tumaini lote la dunia, kwa sababu kutoka kule hakusikia vizuri, na makofi aliyachukua kuwa habari njema.

Marceline akafuta. Kisha akageuza ukurasa, maana risala lazima ifike mwisho.

HITIMISHO

"Mheshimiwa, Mungu akurudishe salama kwa barabara ile ile. Akupe afya, akupe wasaidizi wa kweli, awape watoto wako walimu wenye subira. Asiisahau Kisangani. Ni sisi..."

Aliishia hapo. Préfet akafikiri amepotea mstari, akanyoosha kidole kumwonyesha.

"Ni mimi," Marceline alisema, na sauti ikamtoka bila karatasi. "Mheshimiwa, hii haiko ya sisi. Ni ya mimi, Marceline. Naomba ubao ubaki mwaka mumoja tena. Na mutoto mwenye hawezi kusema, tumuache aandike tu na chaki, bila kusema, tumungoje. Mwenye hawezi kuandika Kifaransa, aseme. Tulikuwa tunaweza fanya vile miaka yote hii. Hatukufikiri. Tulikuwa tunagombana."

Lilikuwa jambo dogo na la wazi hata watu wakaona haya kwamba halikusemwa mkutanoni.

Mheshimiwa Angèle alikubali kwa kichwa. "Mama, ni neno zuri. Lakini niko na kikao na watu kumi na mbili. Wataniuliza, nani anaomba? Nikisema ni mwalimu moja, wataniuliza ana mutoto gani kwenye mutihani. Iko?"

Marceline angeweza kusema haiko. Merdi hakuwa wa tumbo lake. Lakini watu wote pale walijua.

"Iko," alisema.

"Unaona." Mgeni alisema hivyo kwa upole, na upole huo ulimuumiza zaidi. "Ya mutu moja siwezi kubeba."

Alingoja kidogo, kalamu mkononi. Sasa ilitosha mtu mmoja kutoka mjini kusimama, mmoja tu. Papa Jean-Paul alikuwa ameweka mkono juu ya goti la Yannick. Kijana alikuwa amemaliza kuhesabu: bila ubao ameingia, na kwa ubao ni kubahatisha tena. Alikuwa anamwangalia baba yake, na baba alikuwa anaangalia viatu. Hakusimama. Marceline hakumchukia. Angekuwa yeye, labda asingesimama pia.

"Ni sisi," alisoma, "walimu, wazazi na wanafunzi wa Shule ya Sayansi ya Mkondo, Kisangani, wenye umoja."

Alishuka jukwaani, akamkabidhi mgeni karatasi kwa mikono miwili. Ngoma zikapigwa tena, safari hii mahali pake. Maabara ikafunguliwa na mlango haukumwaibisha mtu.

Baadaye watu walikula lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki wa liboke waliofungwa majanini, chini ya turubai. Papa Jean-Paul na Lukumani walikaa meza moja, wamegawana sahani, na walipomwona Marceline anapita wakamwita kwa pamoja.

"Mwalimu," Papa Jean-Paul alianza, "minaapa, nilifikiri yaya yako, huyu Lukumani, atasema, asante papa, na itabaki moja."

"Na mimi nilifikiri atanikatalia," Lukumani alisema. "Mutu anakutolea kitu namna ile, utanyamaza tu? Ningekuwa mutu gani?"

"Ungekuwa mutu mwenye mutoto kwa shule," Marceline alijibu. Hakutaka kusema hivyo, lilimtoka tu. Lukumani aliacha kutafuna. Papa Jean-Paul akamsogezea mwalimu kiti, lakini yeye alikuwa amekwisha ondoka.

Merdi alikuwa anamngoja nyuma ya maabara, mahali ukuta unapoishia na mawe ya mto yanapoanza. Alikuwa ameshaambiwa. Uso wake ulikuwa mkavu, na Marceline angependa kuuona unalia.

"Tantine, ubao haiko tena?"

"Haiko."

"Na mimi?"

"Utaandika kwa karatasi. Na Kifaransa. Tunaanza leo."

"Leo? Kuko fête."

"Leo, mama. Keti."

Waliketi. Mbele yao vikapu vikubwa vya wavuvi vilining'inia kwenye nguzo katikati ya povu, midomo wazi kuelekea maji yanakotoka. Marceline alichagua swali jepesi, ambalo mtoto huyo alikuwa amelijibu mara nyingi tangu meno ya utoto. Alimuuliza kwa Kifaransa, polepole, neno moja moja: kwa nini samaki akiingia ndani ya kikapu hatoki tena, na mlango uko wazi?

Macho ya Merdi yaliwaka. Alilijua. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kukimbia.

"Parce que," alisema. "Parce que... l'eau..." Akatazama mto, akatazama midomo ya shangazi yake. "Parce que..."

Maneno hayakuja. Mikono yake ikainuka yenyewe, ikaanza kueleza: maji yanashuka hivi, yanasukuma hivi, samaki anageuka hivi, nguvu zinamwishia hivi. Kila kitu kilikuwa sahihi. Marceline alitazama maelezo yale mpaka mwisho. Halafu aliishika mikono ile miwili, akaishusha taratibu juu ya magoti ya mtoto, akaishikilia hapo.

"Karatasi haionaka mikono," alimwambia. "Rudilia."